Daftari la Deonarine

Tukale wapi? Ndilo swali la kwanza,
hata macho hayajakauka, maana tumbo halijui matanga.
Tumesimama maegeshoni, Scarborough,
theluji chafu mpaka vifundoni,
watu tisa, magari mawili, na kila mmoja na lake:
shemeji Rodel anataka wali, lazima wali,
Aunti Kamla hali ng'ombe, mke wa kaka hali nguruwe,
watoto hawataki chochote kisichokaangwa.
Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu,
naye ndiye tuliyetoka kumkabidhi motoni.

Miaka thelathini na miwili baba aliendesha teksi
mji huu wa Toronto, na chini ya risiti na peremende za tangawizi
tumelikuta daftari. Hakuandika majina ya mikahawa.
Aliandika hivi:

*Kennedy, nyuma ya kinyozi. Mtamili.
Anaikatakata roti kwa vyuma viwili, utaisikia kabla hujaiona.
Usiende na mtu mwenye maneno mengi.*

*Mkate wa Waafghani. Saa kumi na moja alfajiri.
Mrefu kuliko mkono. Ulie garini, ukuunguze paja.*

*Kahawa ya Letebrhan ni vikombe vitatu.
Ukinyanyuka baada ya kimoja umemtukana.
Nilimtukana 1994. Alinisamehe 1997.*

*Mghana wa Lawrence, Mnigeria wa Markham:
usimtaje mmoja mbele ya mwenzake.
Wali mtamu ni wa Mghana. Ukurasa huu uchanwe.*

Hakuuchana.

Tukaufuata mwandiko wake kama watu wanaofuata matone ya mafuta barabarani.
Nyuma ya kinyozi wanauza vioo vya simu.
Tanuri la Waafghani limehama, hakuna ajuaye lilikokwenda.
Kwa Letebrhan kumebandikwa karatasi mlangoni:
nimekwenda kumwona mjukuu, msigonge.
Mtoto mmoja analia, wa pili anamwiga.
Aunti Kamla anasema, kwa sauti ya kutosha magari yote mawili,
afadhali piza.

Ukurasa wa mwisho una wino mpya na maneno mawili:
*Hanh. Supu.* Halafu namba: *11.*
Ni saa, alisema kaka. Ni mlango, alisema mkewe.
Ni namba ya chakula, alisema Rodel, anayejua mikahawa,
nasi tukaingia, miwani ikatutia ukungu,
tukaagiza kumi na moja, mara tisa.
Ilikuwa utumbo wa ng'ombe.
Aunti Kamla alilitazama bakuli kama mtu aliyetumiwa barua ya mahakama.

Madam Hanh akaja na kitambaa begani.
Akamtazama kaka pua, akanitazama mimi kipaji,
akauliza, Deonarine yuko wapi?
Tukainama kwenye mvuke.
Ni Jairam, wa miaka sita, aliyejibu: Yuko kwenye kopo, kwenye gari.

Hakulia. Alikwenda nyuma ya kaunta
akarudi na daftari lake mwenyewe, limenona mafuta,
akanionyesha vijistari kumi na moja.
Kila Alhamisi alisahau pochi, alisema.
Baba! Mtu aliyekumbuka chenji ya abiria wa mwaka 1988,
aliyehesabu peremende zake kila jioni tusimwibie.

Nikatoa fedha. Dawa ya deni kulipa,
hivyo ndivyo alivyotulea.
Akahesabu taratibu, noti juu ya noti, akalamba kidole.
Vijistari kumi akavikata.
Fedha ya supu moja akanisukumia, chini ya sahani ya limau,
nami nikairudisha, naye akaisukuma tena
huku Rodel akimalizia bakuli la Aunti Kamla kimyakimya.

Kisha akatoa kalamu nyuma ya sikio,
na kando ya kile kistari kilichobaki
akafuta jina la baba
akaniuliza langu linaandikwaje.
Nikamtajia herufi moja moja.
Ni jina refu. Hakuniharakisha.