Kisahani cha Siku Kumi na Nne

Mara tatu nilijaza chupa,
mara tatu maabara ikajibu: hamna kitu.
Chupa haisemi uongo. Husema ya dakika moja tu,
kama mpita njia aliyechungulia ua wa arusi
akaondoka kabla biarusi hajatolewa,
akaapa kwamba hapakuwa na arusi.

Ami Shaame hupiga dawa Jumatano alfajiri,
mvua hushuka Jumatano adhuhuri,
nami gari ya Wete hunifikisha Alhamisi.
Maji yashapita. Maji hayangoji mtu na chupa yake.

Safari hii nimekuja na asiyeondoka:
kisahani cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu,
ndani ya kitundu cha chuma cha pua.
Nimekifunga kwenye mzizi wa mzambarau
pale mto unapojikunja chini ya mashamba ya tungule.
Hakichoti. Hakivuti. Hakina mota wala betri.
Kinakaa.
Kila kipitacho hukigusa, na kingine hubaki,
kama moshi wa udi ndani ya kanga
iliyofungiwa sandukuni tangu Idi.

Siku ya tatu Bi Kaije alikiona, akarudi na ndoo tupu.
"Kago hilo," kaniuliza, "umemwekea nani?"
Nikamwambia si kago, ni kipimo.
"Cha mganga au cha daktari?"
Jibu la haraka sikuwa nalo. Kago na kipimo
vyote hukaa kimya vikamngojea mwizi.

Siku ya sita, kitundu cha pili nilikikuta ukingoni,
kimelazwa kwa adabu juu ya jani la mgomba,
kimenyunyiziwa chumvi.
Nikaandika daftarini: kituo namba mbili, kimepotea.

Siku ya kumi na nne nimekiopoa kilichobaki.
Kimeota utelezi wa kijani, konokono kahamia.
Nimekisuuza, nimekifunga karatasi ya fedha,
nimekilaza kwenye deli la barafu kando ya ndugu yake
aliyeonja hewa tu, asiyetiwa majini:
huyo ndiye shahidi wa usafi wa mikono yangu.

Kabla ya yote tulikitia kitu kidogo tunachokijua.
Kwa kilichotoka, tunakadiria kilichoingia.
Hesabu hiyo naielewa hata nje ya maabara:
ada yangu ya kidato cha tatu
ilitoka kwenye tungule za Ami Shaame.

Majibu yamekuja kwa meli, karatasi mbili.
Dawa tatu, majina marefu kama ya masultani.
Nanogramu. Ukizipima kwa kibaba, kibaba kitacheka.
Na juu yake neno: wastani.
Wastani haujui Jumatano.
Wastani haumtaji mtu.

Nimemsomea Bi Kaije pale pale mtoni, polepole.
Nilipofika kwenye "dawa" sauti ikanipungua.
"Dawa ni ya kuponya, mwanangu,
mbona wanong'ona?"
Kisha akanyamaza, ungo wa mchele kiunoni,
miguu yake tayari imo majini.
"Haya. Nioshe, au nisioshe?"

Nikageuza karatasi ya kwanza, nikageuza ya pili.
Nyuma hazikuandikwa kitu.