Kitasa cha Kulia

Miaka miwili mama alishika kamba.
Mlango wa kulia wa gari letu
ulikuwa umesahau kazi ya mlango:
ukiufunga unaitika kama mlevi, ndiyo, ndiyo,
ukifika kona ya tatu ya barabara ya Oni
unafunguka wenyewe, polepole, kwa adabu,
kana kwamba kuna mtu bondeni anabisha hodi.

Ndipo kamba. Ya kuanikia nguo, ya buluu,
fundo kwenye mpini wa mlango, ncha ya pili
imezungushwa mara mbili kiganjani mwa mama,
Tsiala, aliyelizidi gari miaka ishirini na tisa
na nguvu pia.
"Usilete jipya," alisema. "Hili linajua njia."

Jumamosi nikashuka Kutaisi,
soko la vyuma chakavu nyuma ya reli,
kile kibovu nimekitia mfuko wa mkate
kama mtu aendaye hospitali na jino lake mkononi.

Muuzaji wa kwanza hakukitazama.
"Kinaingia," akanisukumia kipya, kimemeremeta ndani ya nailoni.
Wa pili: "Kinaingia. Ukikipiga nyundo."
Wa tatu alikuwa anakula;
akaitikia kwa shingo: kinaingia.
Soko zima lilikuwa na imani.
Mimi nilikuwa na rula.

Maana vitasa hivi kwa mbali ni pacha;
vilaze pamoja juu ya boneti, vinakanana.
Changu kina matundu matatu ya skrubu, chao manne.
Ulimi wa changu ni gurudumu la meno,
wa chao unauma kama koleo.
Na pale matundu yalipopatana, meno yakapatana,
nikageuza, nikageuza tena:
cha kushoto.

Kushoto, kushoto. Meza zimejaa vya kushoto,
utadhani upande wa pili wa magari yote
hakuna aliyewahi kuketi.
Nataka cha kulia, nikasema, cha kulia, cha kulia,
hadi neno likanichekesha,
kisha likakaribia kunitimizia maana yake nyingine.

Domenti hakuwa na meza.
Alikuwa na uzio, na mbwa asiyejali.
Akakitoa changu mfukoni, akafumba macho,
akayapapasa meno kwa kidole gumba.
"Mwaka gani?"
Sabini na tisa.
"Kabla ya mavuno ya zabibu au baada?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyuma ya nyumba gari jeupe lililalia tumbo,
halina magurudumu, mche wa mplamu umetoboa sakafu.
Akaufungua mlango wa kulia, akaufunga.
*Tk.*
Sauti ndogo, ya mtu anayekataa
kikombe cha pili cha chai.

Bisibisi, kutu, tusi moja la zamani,
kikawa mkononi mwangu, kizito, kimelowa grisi nyeusi.
Akataka lari kumi na kile kibovu changu.
Cha nini?
"Kuku wanalala humu," akasema.
"Wao hawafiki kona ya tatu."

Usiku nikakifunga kwa taa ya simu.
Hakikuingia.
Yaani kiliingia, ila mlango ulikuwa umelegea kwa uzee,
ulimi ukawa unapita juu ya msumari wake
kwa unene wa ukucha.
Nikatia vipete viwili vya bati chini ya msumari.
Kimoja hakikutosha, vitatu vikazidi.
Nikafunga mlango mara arobaini, jirani akawasha taa,
nikafunga mara moja zaidi.

Jumapili tukapanda Oni.
Kona ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya tatu mlango ulitulia kama ukuta,
nikamtupia mama jicho ili anisifu.
Kamba ya buluu ilikuwa mkononi mwake,
mizunguko miwili, vifundo vya vidole vyeupe.
"Mama, kimefunga."
"Nimesikia," akasema, akitazama mbele.

Ncha ya pili ilikuwa mapajani mwake.
Haikufungwa popote.