Mlango Usio Wake

Usiku wa pili baada ya kuogelea Rákosák
nimeketi ukingoni mwa beseni, taa sikuiwasha,
ngozi imejiwasha yenyewe.
Nahesabu kwa vidole nisichotaka kukiona:
kumi na saba mguu wa kushoto,
tisa kiunoni, pale lastiki ya vazi ilipobana.
Mgongoni sijui.
Na kucha nilizikata Jumapili;
upele hujua pa kuota.

Mfamasia, kijana mwenye hereni moja,
alitazama mara moja tu.
"Bata," akasema.
Nikadhani ananitukana.
Kisha akachora nyuma ya risiti:
bata, kinyesi, maji, konokono, maji tena,
mshale ukizunguka kurudi kwa bata,
na mwingine mdogo, uliopinda,
ukaja kwenye mguu wangu ukakatika.

Kumbe kuna kijidudu chenye mkia wa panda.
Kina siku moja, pengine na nusu, ya kuishi,
na siku hiyo yote kinamtafuta bata.
Kinahisi joto la mwili, kinabisha,
kinavua mkia mlangoni
kama mgeni avuavyo viatu,
kinaingia
ndipo kinagundua hapa si kwao.
Kuendelea hakijui. Kurudi hakiwezi, mkia kimeuacha nje.
Kinafia ukumbini,
nami mwenye nyumba ndiye ninayeungua.

"Mara ya kwanza unaweza usihisi kitu," alisema akinirudishia chenji.
"Ngozi ina kumbukumbu, mama.
Kila wakirudi, inakasirika zaidi."

Sikumwambia kuhusu Blažena.

Miaka mitatu hatukusemezana,
tangu tulipouza nyumba ya baba
na saa ya ukutani ikaenda kwake bila kuulizwa mtu.
Juzi nilimkuta bwawani, maji kifuani,
kofia ileile ya mpira, ya manjano.
Kila mmoja akashika upande wake wa matete.
Katikati yetu akapita bata na vifaranga saba,
polepole, kama hakimu na wazee wa baraza.
"Maji ni moto mwaka huu," nikasema.
"Ni moto."
Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.
Nikalala kwenye majani, nikaacha jua linikaushe.

Baba hakuwahi kuturuhusu kukauka hivyo.
Tukitoka tu majini alitukamata mmoja mmoja,
akatusugua kwa taulo gumu kama gunia
mpaka tukalia, mpaka mapaja yakawa mekundu.
Tulidhani ni ukali.
Nina miaka sitini na moja,
nimeyajua leo, kwenye risiti ya duka la dawa.

Saa saba usiku simu inaita.
Hakuna salamu.
"Unawashwa?"
"Nawashwa."
"Wapi?"
"Nisipofika."
Nyuma yake saa ya baba inagonga mara moja,
sauti ileile ya kikohozi kabla ya kugonga.
Hatusemi kitu mpaka inapomaliza kutetema.

Anakuja na ndala, koti juu ya nguo ya kulalia,
chupa ya dawa ya rangi ya waridi,
na mfuko wa oti, eti tuloweke kwenye maji ya kuoga.
"Ya farasi?" nauliza.
"Ya watu. Geuka."

Nageuka.
Pamba ni baridi. Mkono wake umekuwa mzito,
ama mgongo wangu ndio uliosahau.
Anahesabu kwa sauti, kila kipele na tone lake:
ishirini na mbili, ishirini na tatu,
hiki kikubwa nakipa mawili.
Saa haitajwi. Nyumba haitajwi.
Nje kumeanza kupambazuka upande wa bwawa
na bata wameshaanza kelele zao.

"Usijikune," ananionya.
Nasikia, nyuma yangu,
kucha zake kwenye kiwiko chake mwenyewe.