Maembe ya Wageni wa Jumamosi

Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Wakulima,
matope ya jana yameganda kwa baridi ya usiku,
na Kalekye ameshajenga vilima vyake vitatu:
ngowe kwa wenye haraka ya utamu,
boribo kwa wenye watoto,
na tomi, nyekundu kama aliyesifiwa mbele za watu.
"Ngozi tu," ananong'ona, "ndani ni maji na nyuzi.
Hizo nawauzia wanaonunua kwa macho."

Mimi nanunua kwa kidole gumba.
Zamani nilinunua kwa pua.
Nililiinua embe, nikakisogeza kikonyo karibu,
nalo likaniambia kama limeivia mtini
au limevundikwa gizani kwa ile dawa ya unga.
Ikaja homa ya mwezi wa Juni.
Homa ikaondoka, ikabeba harufu zote za dunia.
Sasa chai ni moto tu. Sabuni ni utelezi.
Mvua ya kwanza kwenye vumbi la Umoja
ni sauti.

Sijamwambia mtu.

Nabonyeza karibu na kikonyo, taratibu,
kama unavyogusa utosi wa mtoto mchanga:
pakikubali kidogo kisha parudi, hilo.
Pakizama, ni la juisi.
Pakigoma, ni la achari, au la kungoja.
Kalekye ananitazama.
"Mama Syokau, leo hunusi?"
"Nina mafua."
Ni mwaka wa pili wa mafua.

Januari haina huruma.
Mabati ya jirani yanalia tak-tak yakitanuka,
mfereji umekauka tangu Jumatano.
Nina ndoo mbili: moja ya wageni kunawa,
moja ya maembe, nayo ikimaliza na maembe
itakwenda chooni.
Nayaosha moja moja, nasugua utomvu,
maana utomvu ukigusa mdomo wa mgeni
atakukumbuka wiki nzima, na si kwa wema.

Kisu ni kile chembamba, kilicholiwa na jiwe.
Nalisimamisha embe,
natafuta kokwa ilipolala,
nashuka ubavuni mwake
kama mtu anayeteremka ngazi stima ikiwa imepotea.
Shavu la kwanza. Shavu la pili.
Nachora miraba bila kutoboa ganda,
nalibinua, linachanua.
Chumvi, pilipili ya kusaga, ndimu.
Sahani ya buluu yenye ufa
nitaikalia upande wa ufa mwenyewe.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema.
Hawakusema mvumilivu afanye nini
wageni wakija saa tisa
na boribo nne bado zimeshupaa.
Nazikata nyembamba, naongeza pilipili,
nasema ndivyo nilivyokusudia.

Wakapanda hadi juu ya paa, chini ya shuka
nilizotundika ziwe kivuli:
Bosibori, Khavere, mzee Oduya mkata vitambaa,
sote wa cherehani, sote tuliofutwa siku moja.
"Yananukia mpaka kwenye ngazi!" akasema Khavere.
Nikacheka kama anayesifiwa kwa lugha asiyoijua.

Kemunto wa Bosibori, miaka sita,
hakula kwanza. Alinitazama.
"Mbona wewe hunusi?"
Mafua yalikuwa tayari ulimini.
Nikasema, "Pua yangu haifanyi kazi."

Akachukua kipande cha ngowe, akafumba macho,
akakunja uso kwa uzito wa kazi:
"Inanukia mafuta ya taa, kidogo tu.
Halafu nywele za mama akitoka juani.
Halafu kitu kitamu kilichosahaulika kabatini."

Nikatafuna polepole, nikimfuata.
Mafuta ya taa. Nywele. Kabati.
Sikusikia kitu.
Lakini niliijua: ngowe, ya kuivia mtini.

Makokwa yalibaki jikoni, haki ya mpishi.
Nilifyonza moja nimesimama, mpaka ikaota mvi,
Kemunto kando yangu na yake,
juisi ikimchuruzika hadi kiwikoni,
akinitajia kila kitu
mpaka mama yake akamwita.

Usiku nilipata uzi mmoja katikati ya meno.
Nikauacha.