Maoni Mengine

Daegu, wiki ya sita ya utafiti.
Usiku namvika Seo-yul soksi mikononi
asichimbe ukurutu nyuma ya magoti.
Alfajiri nakung'uta shuka: magamba,
machache kuliko ya Jumatatu.

Daktari Pyo alitueleza mapema:
nusu ya watoto watameza mitishamba,
nusu watameza kisicho dawa,
na hata yeye hajui nani kapata nini.
Nikatia sahihi.

Mama mkwe hakutia sahihi popote.
Miaka arubaini ameuza mizizi sokoni,
hakuna unga unaoidanganya pua yake.
Jana alipasua kidonge, akalamba,
akatema kwenye sinki.
"Sukari iliyoungua.
Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Sasa fomu iko mezani.
Mwasho, sifuri hadi kumi: tatu.
Ilikuwa tisa.
Usingizi: saa saba, hakushtuka.
Kalamu imesimama juu ya *Maoni mengine*,
wino unaanza kukauka,
na chumbani mwanangu kavua soksi moja,
mkono umelala wazi juu ya mto,
kucha hazina damu.