Ndege Ilipita

Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni,
miaka mitatu bila kukosa.
Hata wiki ile niliyong'olewa jino
nilizungumza kwa upande mmoja wa mdomo
nikawaonyesha namna ya kukaza mkanda wa cherehani
bila kuukata.

Paa la ghorofa ya saba, Pipeline.
Nyuma yangu shuka jeupe limebanwa kwa vibanio
kwenye kamba ya Kerubo wa mlango wa tisa,
ambaye siku hizo mbili hakuanika.
Mbele yangu simu juu ya debe, debe juu ya kiti,
kiti chenyewe kimefungwa mguu kwa raba.
Kila baada ya dakika chache ndege hushuka kwenda uwanjani,
magurudumu nje, tumbo karibu na antena zetu,
nami nikajifunza kunyamaza katikati ya sentensi:
"Sindano huingizwa..."
nahesabu hadi ishirini na tano
"...upande bapa ukitazama kulia."
Usiku nikikata na kuunganisha,
hakuna mtazamaji aliyewahi kuuona mshono.

Mwezi wa saba, baridi ya kukunja vidole,
mama mmoja akapanda ngazi zote
na kichwa cha cherehani ndani ya leso.
Akakitua. Akapumua. Wambeti, jina lake.
Akasema, "Ni ya mama. Tumemzika Jumapili.
Haijashona tangu alazwe."

Simu ilikuwa inarekodi.
Na mimi, Musembi, mwana wa fundi,
niliyefundishwa kusema pole kabla ya kufundishwa kutaja bei,
nikamwambia:
"Samahani, dada. Rudia kidogo. Ndege ilipita."

Akarudia.
Mara ya pili alisema vizuri zaidi.
Alitua penye kutua. Mkono akajua pa kuuweka.
Nami nikitazama kiooni
nikafurahi.
Ndilo ninalotaka kulisema, mengine ni maelezo:
nilifurahi.

Mpwa wangu Ndolo, mjuzi wa mitandao,
ananionya kwamba ukikosa wiki mbili tu unazikwa.
Nimemwambia atafute neno jingine.

Cherehani ya marehemu niliifungua bila shahidi.
Chini ya bamba, penye meno,
vumbi la nyuzi lilikuwa limeshikana kama mkate:
kijani cha sare za shule,
zambarau ya majoho ya kwaya,
na nyeupe, nyeupe nyingi, sijui za nini.
Nikachokoa kwa mswaki na mafuta taa.
Mdomo ulifunguka wenyewe mara mbili
kusema "kama mnavyoona."
Nikaufunga.
Sikujua kwamba gurudumu la cherehani nzee
likizungushwa polepole, kwa mkono,
hutoa mlio mdogo kabla ya sindano kuzama.
Video mia tatu na zaidi, na sikuwahi kuusikia.
Labda nilikuwa naongea.

Wambeti aliporudi kuichukua
nikamwuliza mama yake aliitwa nani.
Akafungua kinywa, ndege ikapita.
Tukasubiri, wote wawili, macho juu,
mpaka mkia ulipomezwa na mawingu ya Embakasi.
Kisha akaniambia.

Leo Jumanne. Saa kumi na mbili simu imetetemeka
mfukoni, nikaiacha itetemeke.
Shuka limerudi kitandani,
pembe zake bado zina meno ya vibanio,
usiku nazipapasa kwa kidole cha mguu.
Kerubo ananiuliza nitaanza tena lini.
Sijui. Pengine vuli ikiisha.
Pengine siku ambayo haina zamu.
Amenitupia ncha ya blanketi lililolowa,
tumelikamua, yeye kulia, mimi kushoto,
maji yakatumwagikia miguuni,
tukacheka kwa baridi.