Bega la Kushoto

Kila Desemba, usiku wa kuamkia mwaka mpya,
televisheni ya Santiago hurudisha washindi wake wakubwa:
mwoka mikate wa Chillán aliyezimia kabla ya kutajiwa kiasi,
mapacha wa Iquique waliobishana hadi sekunde ya mwisho
wakapatia kwa makosa,
na Otilia Huenchumán, msafisha mabasi,
peso milioni mia mbili na arobaini,
mikono juu, kinywa wazi, vikaratasi vya rangi vikimnyeshea.

Bega hilo la kushoto, pembeni kabisa mwa picha,
ndani ya koti la buluu la kuazima kwa shemeji,
ni langu.

Sekunde nne. Nimezihesabu miaka kumi na mmoja.
Bega linaingia, linashuka kidogo
kama gunia lililotobolewa na panya,
kisha kamera inamkimbilia Otilia
nami nabaki huko ambako picha huishia.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, Temuco.
Ninataka ijulikane kwamba jibu nililijua.

“Ni sayari gani,” aliuliza mtangazaji
kwa sauti yake ile iliyopakwa siagi,
“ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake?”

Zuhura. Zuhura, jamani, Zuhura!
Mara kumi na tisa nimeichora ubaoni, kila mwezi wa Mei,
kwa chaki ya njano, mbele ya watoto wanaopiga miayo.
Lakini kidole gumba kilipogusa kitufe
kichwa kikauliza: siku ipi?
Ukipima kwa nyota, sawa, siku inaupita mwaka.
Ukipima kwa jua, macheo hadi macheo,
ni kama nusu yake tu.
Je, swali lina mtego?
Je, nimwombe bwana huyu afafanue?

Otilia hakuwa na siku mbili. Alikuwa na moja.
Kengele yake ikalia.

Nimekua nikiambiwa haraka haraka haina baraka.
Hakuna aliyenionya kwamba pana mahali
baraka imefungiwa ndani ya kengele,
na kwamba ngoja ngoja huumiza
sehemu nyingine nyingi kabla ya kufika tumboni.

Baadaye, tulipokuwa tukifutwa poda usoni,
nilimuuliza alijulia wapi.
Akacheka, pamba ikiwa bado shavuni.
Chini ya kiti cha nyuma cha basi la kwenda Osorno
aliokota daftari la mtoto,
akakaa nalo siku tatu, akilisoma wakati wa chai,
ndipo akalipeleka ofisi ya vitu vilivyopotea.
“Mwandiko wa kuku,” alisema, “lakini sayari zilipendeza.
Ile ya siku ndefu ilikuwa ya njano.”

Sikumuuliza jina lililoandikwa juu ya jalada.
Basi la Osorno hupitia Temuco,
na watoto wangu husahau kila kitu kila mahali.

Nasikia alinunua nyumba yenye madirisha kumi na manne
na humlipa mtu kuyasafisha.
Nasikia pia humfuata nyuma akiyarudia.

Mama ana miaka themanini na saba sasa.
Majina yanamponyoka, langu pia siku za baridi.
Hukumbuki ulichokula mchana, mama? Hakumbuki.
Lakini muziki wa kipindi ukianza tu
husukuma blanketi, huegemea mbele,
hunishika kiwiko kwa vidole vya chuma.
Mwoka mikate anaanguka. Mapacha wanabishana.
Kisha swali, kwa sauti ya siagi,
na bega langu, bado halijashuka.

“Safari hii,” ananinong’oneza, “usifikiri.
Bonyeza.”

Nami, juu ya mkono wa kochi uliochakaa
mahali pamoja, padogo, kama pa kidole gumba,
nabonyeza.